Mwaka wa Benchi la Nyuma

Wasifu wa Mama Tumsifu ulisomwa na kijana mmoja mwenye suti ya kijivu, akasimama vizuri, akasoma vizuri, na akadanganya kwa kunyamaza. Alisema marehemu alizaliwa Upare, akaolewa, akaja Dar es Salaam na mumewe, akafanya kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni mpaka uzee ulipomkuta, akajaliwa watoto wanne, akalitumikia kanisa akiwa mzee wa kanisa mpaka alipopumzishwa. Halafu akageuza karatasi akaanza kutaja wajukuu. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai hapo Temeke, mguu mmoja wa kiti cha plastiki umezama mchangani, mwanangu mdogo kalala mapajani, binti yangu mkubwa pembeni yangu ndani ya gauni langu jeusi nililolipunguza kwa mkono usiku wa kuamkia msiba. Lile neno, mpaka alipopumzishwa, lilipita juu ya vichwa vya watu kama upepo. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Walidhani alichoka. Mama Tumsifu hakuchoka hata siku moja. Alipumzishwa kama unavyompumzisha mlinzi aliyekamata mwizi, kumbe mwizi ni mtoto wa bosi.

Najua kumbukumbu huandikwa na watu wenye mvi, na mimi sijafika hata arobaini. Lakini nilirudi nyumbani Ukonga kutoka msibani nikiwa na hasira ya miaka kumi na mitatu, nikaona ama niiandike ama niwapige watoto wa watu. Nitasema mwaka mmoja tu. Wazazi wangu, nyumbani kwetu Mbeya, shangazi aliyenileta mjini kisha akaniwekea begi langu nje siku alipojua nina mimba, hao wote wana habari zao na hii si yao. Hata mume wangu wa sasa, mtu mwema, hayumo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, na cheti chenyewe kilikuwa hakifungui hata mlango wa choo. Nilikuwa napika na kupakua kwa mama lishe mmoja nyuma ya karakana za Chang'ombe, wateja wetu mafundi wa kuchomelea, wanakula ugali na dagaa huku miwani yao ya kazi imewakaa kwenye paji la uso kama macho ya akiba. Elibariki alikuwa mmoja wao. Jumapili alikuwa anaimba besi kwenye Kwaya ya Vijana ya usharika wetu, mimi naimba sauti ya kwanza, mazoezi kila Alhamisi jioni. Mengine mnajaza wenyewe. Tumbo lilipoanza kuinua sare ya kwaya, wazee wa kanisa wakaniita.

Kile chumba nakiona mpaka leo. Kilikuwa nyuma ya madhabahu, dirisha lake moja limezibwa na kinanda kibovu ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitupa. Meza ndefu, chupa kubwa ya chai, sahani ya maandazi imefunikwa na kitambaa cha zambarau ambacho nadhani kilikuwa cha Kwaresma. Waliniuliza maswali huku wanakunywa chai. Hakuna aliyenikaribisha, na mimi nilikuwa na njaa ile ya mimba, ile inayokufanya usikie harufu ya andazi kuliko sauti ya mchungaji. Mchungaji alikuwa mpole, na upole wake ulinikera kuliko ukali wa wengine. Walitaka jina la baba wa mtoto. Elibariki alikuwa ameniomba nisimtaje, nimpe muda ajipange, atajitaja mwenyewe kama mwanamume. Kwa hiyo nikakaa kimya. Mzee mmoja akaanza kusema mambo ya mabinti wa siku hizi, na ndipo mama mmoja mfupi, kilemba chake kimefungwa kwa nguvu kama bandeji, akaweka kikombe chini.

"Mimba hii umejipa mwenyewe?"

Nikasema hapana.

"Basi mko wawili. Sie hapa tunamwona mmoja. Tumbo linajisema lenyewe, binti. Yeye nani atamsema?"

Huyo ndiye Mama Tumsifu, na siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilidhani ananichimba. Sikuelewa kwamba kwenye kile chumba yeye peke yake ndiye aliyekuwa amehesabu watu wawili.

Nikatengwa. Kwa wasiojua taratibu za kwetu, maana yake ni hii: huimbi kwaya, hushiriki Meza ya Bwana, mtoto wako akizaliwa habatizwi, mpaka siku utakaposimama mbele ya usharika mzima ukatubu, ndipo unarudishwa kundini. Hakuna aliyekuandikia ukae benchi la nyuma, lakini unajikuta umekaa, kama maji yanavyojua mtaro. Benchi letu lilikuwa karibu na mlango, juu yake feni lisilozunguka, nje bodaboda wanabishana mpira mahubiri yote. Tulikuwa mimi na mzee mmoja aliyeoa mke wa pili, mtu wa utani, aliyekuwa ananishikia kitabu cha nyimbo na kuniambia benchi lile ndilo lenye hewa. Meza ilipofika, mzee wa zamu alikuwa anapita safu kwa safu kuwainua watu waende mbele. Akifika kwetu anageuka, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara. Jumapili baada ya Jumapili nilitazama kisogo chake.

Watu wananiuliza kwa nini nisingeacha kwenda. Hata Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, aliniuliza, na yeye ni Mwislamu. Jibu langu halipendezi: hasira. Wengine hasira inawatoa kanisani, mimi ndiyo iliyonikalisha. Nilikuwa nakwenda kumwangalia Mungu usoni kama unavyokwenda kumwangalia mtu anayekudharau, ili ajue kwamba unajua. Na pia nilikuwa nakwenda kumwangalia Elibariki, mstari wa nyuma wa kwaya, kifua mbele, anaimba juu ya uaminifu wa Bwana. Kila nilipomkuta pembeni alikuwa na sababu. Kwanza walikuwa wanarekodi video.

"Vumilia kidogo, Sekela," aliniambia nyuma ya karakana, mikono yake ina harufu ya chuma kilichoungua. "Nikijitaja sasa hivi nitatengwa na mie, besi inabaki na watu wawili."

"Besi," nikamwambia.

"Eeh, besi. Wewe huelewi mambo ya kurekodi."

Video ikaisha, ikaja Sikukuu ya Mavuno, kwaya ilikuwa na wimbo maalumu. Yakaisha mavuno, ikawa Krismasi: anakwenda kwao Moshi, akaongee na wazee wake, akirudi kila kitu kimekaa sawa. Na kila Jumapili mhubiri anatuambia tumngoje Bwana, wamngojeao hawataaibika, na mimi natikisa kichwa nikiwa na aibu mpaka kwenye kucha. Mambo yalikuwa yamenichanganyikia. Nikipiga magoti nilikuwa sijui namngoja nani kati ya wale wawili. Niliona kama Mungu na Elibariki wameshikana mikono upande wa pili, na siku Elibariki atakapokuja ndiyo siku Mungu naye atakapokuja. Nikimdai mmoja nimemdai mwenzake. Naandika hivi leo bila kucheka. Msichana wa miaka ishirini, mwenye njaa, ametengwa, anaweza kuamini jambo kama hilo na akaliita imani.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, mjane wa Kilwa, nyumba ya ushoroba katikati na vyumba huku na huku, uani jiko la mkaa, ndoo, kamba za nguo, na yeye mwenyewe kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi na kumsema kila anayepita. Chumba changu kilikuwa na kitanda, stuli, na pazia lililokuwa kanga. Binti yangu alizaliwa kipindi cha vuli, na wa kwanza kumwogesha alikuwa Bi Zuhura, kwa maji ya uvuguvugu na maneno ya kwao. Elibariki alikuja mara moja. Alisimama mlangoni, akasema mtoto ana nywele nyingi. Nikamwambia ampe jina, maana kwao na kwetu jina hutoka upande wa baba, nami nilitaka angalau hilo. Akasema haraka ya nini, majina ya kwao hutolewa na babu, atauliza. Kwa hiyo mtoto akabaki bila jina. Kliniki waliandika mtoto wa Sekela. Mimi nilimwita Mtoto. Bi Zuhura alimwita mke mwenza.

Mtoto alikuwa na wiki chache Mama Tumsifu alipopiga hodi. Nilimsikia uani anaulizwa na Bi Zuhura yeye ni nani na anamtaka nani, kisha akaingia, akakaa kwenye stuli, akaweka chupa ya chakula chini.

"Nimetumwa na wazee," akasema. "Nikuulize kama uko tayari kutubu urudi kundini."

"Na hiyo chupa nayo imetumwa?"

"Huo mtori. Mtori nimejituma."

Nilikula huku naona haya, kwa sababu ulikuwa mtori wa nyama kwelikweli, ndizi zimelainika, na nilikuwa sijala nyama tangu nijifungue. Alinitazama nikila. Hakuuliza tena habari za kutubu. Aliuliza kama maziwa yanatoka. Bi Zuhura, ambaye hakuwahi kuona pazia ni ukuta, akaongea kutoka uani, mbuzi ikiendelea kukwaruza.

"Kwani huyu mtoto kakosa nini, bibie, hata mnamzuia? Sie mtoto akizaliwa anaadhiniwa sikioni, kwisha. Dini yenu ina foleni kama hospitali."

"Na nyie mtoto kama huyu mnamnyima urithi," akajibu Mama Tumsifu, hata hakugeuka.

Bi Zuhura akakung'uta kifuu. "Urithi gani, shoga? Wa mabati haya?" Wakacheka wote wawili, mmoja ndani mmoja nje, na mimi katikati na kijiko mdomoni sikujua kama nicheke au nilie. Alipoondoka, Mama Tumsifu alimshika mtoto mguu akauliza anaitwa nani. Nikasema bado. Akasema, "Bado ni jina baya," akaenda zake.

Pasaka ikapita. Masika yalikuwa yameshika, uani kuna madimbwi, nguo za mtoto hazikauki, tunazigeuza juu ya jiko. Jumapili moja, baada ya mahubiri, katibu akasimama kusoma matangazo. Mkutano wa akina mama. Harambee ya choo. Kisha ndoa, inatangazwa kwa mara ya kwanza. Akataja jina la Elibariki lote, na la babu yake, na jina la msichana wa usharika fulani wa Moshi ambaye sijawahi kumwona hadi leo na sina neno naye. Akamaliza kama wanavyomaliza: mwenye pingamizi alilete ofisi ya mchungaji kabla ya tangazo la tatu. Kwaya ikasimama kuimba. Na yeye akasimama nayo. Mtoto alikuwa mapajani mwangu anatafuna kona ya kitabu cha nyimbo cha yule mzee wa wake wawili. Mzee akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaangalia kwaya. Hakuwa mjinga. Akainama akaniambia taratibu, "Mwanangu, peleka pingamizi. Mie shauri langu lilipelekwa kwa wazee na sikufa."

Sikupeleka wiki ile. Sitaeleza sana kwa nini. Nilikaa chumbani nikimngoja aje aniambie ni makosa, jina limekosewa, wazee wake wamemlazimisha. Hakuja. Tangazo la pili likasomwa. Ndipo nikaamua: Ijumaa nakwenda ofisini kwa mchungaji na mtoto mgongoni, naweka pingamizi, semeni lolote mtakalosema. Niliamua hivyo nikaona hewa imeingia kifuani kwa mara ya kwanza ndani ya miezi. Alhamisi asubuhi mtoto akaamka amechemka kama chungu. Alikuwa na miezi saba. Kufikia mchana akashikwa na degedege mikononi mwangu, macho yamepinda, na Bi Zuhura akasimamisha bajaji kwa kusimama katikati ya barabara na kanga yake.

Wodi ilikuwa na watoto wawili wawili kitandani na harufu ya dawa na uji. Daktari alikuwa msichana aliyenizidi miaka michache tu. Walimfanyia kila kitu, siwezi kuwasema vibaya. Nimonia, akasema, na damu imepungua. Wakamwekea hewa, wakamchoma, wakatafuta mshipa kichwani kwa sababu mkononi umepotea. Halafu yule daktari akanigusa bega akasema, "Tumefanya tunavyoweza, mama. Sasa tusubiri." Nikaona nataka kumpiga kofi. Mwaka mzima, kila mdomo uliofunguka, neno ni lile lile.

Bi Zuhura alikuwa anakanda mguu wa mtoto. Akauliza, bila kuniangalia, "Nyie mkifika hapa si huwa mnamwita mtu wenu?"

"Bi Zuhura, mimi nimetengwa."

"Umetengwa wewe. Mie hawajanitenga."

Akavaa ndala zake akatoka. Nilimwona dirishani, baibui limeloa mvua, anavuka geti. Baadaye ndiyo nikasikia: alikwenda moja kwa moja kanisani, akamkuta mchungaji amesafiri kwenye semina, akasimama mlangoni akasema kwa sauti anamtafuta yule bibi wa mtori. Mama Tumsifu alikuwa kwenye chumba cha wazee anasugua vikombe vya Meza kwa ajili ya Jumapili. Alikuja jinsi alivyokuwa, mikono inanuka dawa ya kung'arishia. Kwaya ilikuwa mazoezini chumba cha pili. Walikuwa wanajifunza nyimbo za harusi.

Aliingia, akamwangalia mtoto, hakuniuliza kitu. Alishika lile paji la moto, akageuka akamwomba Bi Zuhura maji. Bi Zuhura akampa chupa yake ya maji ya kunywa, nusu imeshanywewa. Mama Tumsifu akafungua kifuniko.

"Jina."

"Hana," nikasema.

"Hana vipi? Miezi saba?"

"Baba yake ndiye wa kumpa."

"Baba yake yuko wapi?"

Nilikuwa nimechoka mno kutunza siri ya mtu. Nikasema, "Yuko kwenye mazoezi ya kwaya."

Mama Tumsifu alinitazama. Najua alikuwa anawaona wale vijana mmoja mmoja, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka besi, mpaka nyimbo za harusi. Uso wake haukubadilika, ila kile kilemba nilikiona kinapanda na kushuka kidogo, kama ameuma meno.

"Basi hatumsubiri," akasema. "Mpe wewe. Sasa hivi."

Sikuwa nimeandaa jina. Nilimwangalia mtoto, mpira puani, na mkono mweusi uliokunjamana uliokuwa umerudi kuukanda ule mguu. Nikasema, "Zuhura."

"Astaghfirullah," Bi Zuhura akasema. "Mie tena?"

"Nyamaza, mwenzangu, mwache mtoto," akasema Mama Tumsifu. Akamimina yale maji kiganjani, mara tatu, akambatiza Zuhura kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yakaingia kwenye mto. Akamfuta kwa pindo la kitenge chake. Hakuomba sala ndefu. Hakuniambia mtoto atapona, na hilo nitamshukuru mpaka nife. Alivuta ndoo ya mtu akaigeuza, akaikalia, na sisi watatu tukakaa. Ndipo nilipojua ile mikono iliyoshikana upande wa pili imeachana. Elibariki alikuwa kule, na nyimbo zake. Na Mungu, kama yupo, na siku ile niliamua yupo, alikuwa pale kwenye mto ulioloa. Sikuhisi faraja. Nilihisi tu kwamba hakuna tena mtu mwingine wa kumngoja kabla yake.

Mtoto hakufa. Alikaa wodini hadi wiki iliyofuata, akaanza kunyonya, kisha akaanza kukasirika, na nikajua ni wangu. Jumapili ya tangazo la tatu nilikuwa wodini. Ijumaa ya pingamizi ilipita nikiwa nimeshika dripu. Mchungaji aliporudi, Mama Tumsifu aliwaita wazee akamtaja Elibariki. Elibariki akaitwa, akakana akiwa amesimama wima. Wakamuuliza Mama Tumsifu kama aliona. Akasema hakuona, alisikia. Wakaliacha hapo, wakahamia kwenye jambo waliloliona zito: kwa ruhusa ya nani alimbatiza mtoto wa mtu aliyetengwa, tena kwa jina la Kiislamu, shahidi mwanamke wa baibui. Walitaka kujua kama ubatizo huo unahesabika. Mchungaji, kwa haki yake, alisema unahesabika, habatizwi mtu mara mbili. Jina ndilo lililowakalisha mpaka giza. Nilitoka hospitali nikaenda nyumbani kwa Mama Tumsifu, nikamkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Nimepumzishwa uzee," akasema. "Sijui nilichoka lini."

Nikamwambia nakwenda kumtaja mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akasema niende, ni haki yangu, ila nisiende nikidhani nitarudi na kitu. Nikaenda. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, macho yamemjaa machozi, mpole kama siku zote, akasema ningesema mapema. Muda wa pingamizi ulikuwa umepita. Jumamosi hiyo wakafunga ndoa, na nasikia video ilikuwa nzuri.

Mwezi uliofuata nilisimama mbele ya usharika nikatubu. Rafiki zangu wengine hawajanisamehe kwa hilo, wanasema niliwapa walichotaka. Mimi naona sikuwa tayari kumwachia Elibariki kanisa zima kama zawadi ya harusi. Nilitubu yangu. Ya kwake sikuitubu, nilikuwa nimesimama pale namwangalia mstari wa nyuma wa kwaya, na yeye akaangalia karatasi ya wimbo. Mchungaji akasoma kwamba mtoto Zuhura alibatizwa kwa dharura na usharika unathibitisha, na mguno ukapita kanisa zima kuanzia akina mama hadi vijana. Nikashiriki Meza kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Nilikuwa nimengoja sana hiyo siku. Mkate ulikuwa mkavu, divai ilikuwa divai, na sikusikia kitu. Nikarudi kukaa. Nilikuwa na ruhusa ya kukaa popote, miguu ikanipeleka nyuma, na nilipofika nikamkuta Mama Tumsifu amekaa pale kwenye benchi letu, mkoba wake mapajani, anamsogezea yule mzee wa wake wawili kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyemtenga. Alijituma. Nasikia alikaa benchi lile mpaka alipoacha kutoka nyumbani. Wasifu haukusema.

Mimi nilihamia Ukonga, nikaanza upya kwenye usharika mwingine. Bi Zuhura alitangulia miaka mitatu iliyopita, tukamzika siku ile ile kama wanavyofanya kwao. Imani yangu ipo. Haing'ai. Watu wanaponiambia Mungu hachelewi nawaangalia tu, kwa sababu najua mambo ambayo alichelewa nayo na mengine hakuja nayo kabisa. Naendelea kwenda.

Basi pale msibani, baada ya wasifu, wazee wa kanisa wakapita kutoa mkono wa pole safu kwa safu. Walipofika safu yetu, wa tatu alikuwa Elibariki. Amenenepa, tumbo limemtangulia, utepe wa uzee kwenye koti. Binti yangu anaijua habari hii yote niliyoiandika, nilimwambia alipoingia darasa la saba, asije akaambiwa na mwingine. Ila sura ya mtu huyo hakuwahi kuiona, na mimi sikumgusa binti kiwiko kumwashiria.

"Ni siku nyingi, Sekela," akasema. Nikampa mkono, kwa sababu ulikuwa msiba wa Mama Tumsifu na si wangu. Macho yake yakaenda kwa binti, yakakaa hapo. Ana paji lake. Halifichiki.

"Shikamoo," binti akasema, akainuka.

"Marahaba. Binti mkubwa hivi." Alikohoa kidogo. "Unaitwa nani, mama?"

"Zuhura."

Akatabasamu lile tabasamu la wazee wa kanisa wanapokutana na watoto. "Zuhura. Na jina la ubatizo?"

"Hilo ndilo," akasema, akarudi kukaa.